Aliyeruhusiwa Kuniuliza

Nianze na pole. Wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali ukingoja kuitwa, na hujui ukiingia utasema unaumwa wapi, pole sana. Nakuandikia wewe hasa. Wengine wakisoma ni sawa, ila wasinicheke mwandiko. Shule yangu ni darasa la pili la mkoloni, baba akanitoa nikachunge mbuzi, na herufi zilizobaki nilizipata ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la mahindi, mwalimu akiwa binti wa umri wa kuwa mwanangu. Alikuwa mkali yule binti. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Naitwa Mhina. Mimi ni Mzigua wa Handeni, upande wa Kwedizinga. Ujanani nilikata mkonge Ngombezi, nikakaa kwenye kambi za wafanyakazi pamoja na watu wa kila kabila, kisha nikarudi kwetu, nikaoa, nikalima. Ugonjwa ninaotaka kuueleza haukuwa na kidonda wala homa. Ulitaka kuniua kwa mkono wangu mwenyewe.

Ulinianza mwaka wa kuhamishwa. Mgambo walikuja asubuhi, jua limetoka tu, na mke wangu Zaina alikuwa anakoroga uji. Wakasema tumeambiwa mara tatu tuhamie kijijini na leo ndiyo ya nne. Wakaangusha paa. Wakawasha moto ghala langu la mahindi, na anayewasha alikuwa Sefu, shemeji yangu, kaka yake Zaina wa tumbo moja. Nikamrukia. Nilimpiga kichwa mpaka pua ikafumuka damu, na wenzake wakanipiga vitako vya bunduki mpaka nikasikia mbavu zinalia kama kuni mbichi. Zaina alisimama katikati na sufuria ya uji, hajui amwagie nani.

Sisemi kijiji kilikuwa kibaya. Tulipata bomba la maji, tukapata zahanati, na hicho kisomo ndicho kinachonifanya niandike haya. Nasema tu kwamba niliyasikia mahindi yangu yakiungua, na harufu ile haikutoka puani.

Tukajengewa nyumba kwenye mstari, kama kambi ya mkonge. Nikaanza kukonda. Suruali nikaifunga kamba, na fundo la kamba likawa linasogea kila wiki. Nywele zikanyonyoka. Chakula kikawa hakina ladha, hata mlenda, na Mzigua akiukataa mlenda ujue kuna jambo. Mikono ilitetemeka mpaka nikamwaga chai mbele za wageni. Na hasira! Ugonjwa wangu ulikuwa na ngumi. Nilimpiga mbuzi akafa. Nilimpiga Zaina, simfichi mtu, nilimpiga kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mlango, kwa sababu amenitazama. Nikishampiga nakaa nje nautazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine.

Hospitali nilikwenda. Hili naomba ulishike, maana ndipo ilipo habari yote. Nilikwenda mara tatu hospitali moja ya upande wa Korogwe, jina lake nitaliacha. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nikafika dirishani, nikaulizwa, "Unaumwa nini?" Mara ya kwanza nikasema kichwa. Mara ya pili tumbo. Mara ya tatu nikasema mgongo, kwa kuwa kichwa na tumbo nilikwisha kuvitumia. Nikapewa vidonge kwenye karatasi iliyokunjwa, na dawa ya maji nyeupe ya chupa yangu mwenyewe niliyokuja nayo. "Anayefuata!" Basi.

Masika yalipochelewa mwaka ule nikataka kujiua. Nilifanyaje sitaeleza. Anayetaka kujua hilo atafute mzee mwingine.

Waliokuja kuniokoa ni Sefu na nduguze. Wako kwetu wanaosema mtu wa namna hiyo ameingiwa na kifo cha mtu mwingine, na ukimpitisha mlangoni hivyo hivyo kile kifo kitabaki ndani ya nyumba. Kwa hiyo ni lazima kitolewe kwa fimbo, nje, kabla hajabebwa. Wakanichapa. Mimi sina pumzi, macho yamevimba, na wananichapa mgongoni na miguuni, Sefu anahesabu kwa sauti, na Zaina anapiga kelele, "Mtamwua nyie! Mnamwokoa au mnamwua?" Sefu akajibu, "Dada, nyamaza, tunamtoa." Wakanitoa damu. Kile kifo hakikutoka. Nakwambia wewe ambaye una ndugu yako katika hali hii: fimbo haitoi kitu. Nilipigwa na mabingwa.

Nilizinduka kwenye kitanda cha chuma, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye ukingo wa kitanda. Askari amekaa kwenye stuli anatafuna muwa. Sheria ilikuwa hivyo, kujaribu kujiua ni kosa, nikipona napelekwa mahakamani. Akaja nesi mmoja, Melania, mwanamke wa Kibondei, mrefu, sauti kama ya mwanajeshi. Akanipima joto, akakitazama kipimajoto, akakiweka mfukoni, kisha akanizaba kofi ambalo wodi nzima ililisikia.

"Kitanda cha pili hapo amekufa mtoto asubuhi hii, mama yake alikuwa ananishika miguu nimwokoe," akasema. "Na wewe uhai unautupa!"

Siku nne sikumjibu mtu. Nilimeza nilichopewa, nikageukia ukuta.

Siku ya tano wakaleta mtu kitanda cha jirani. Mashine ya mkonge ilikuwa imemla vidole vitatu vya mkono wa kulia, na bandeji yake ilikuwa kubwa kama mkungu wa ndizi. Maumivu yalimfanya atokwe jasho, lakini alipopata nafuu kidogo akageuza shingo akanitazama, akatazama pingu.

"We! Kabila gani wewe?"

Askari akamjibu kwa niaba yangu. "Mzigua."

"Ahaa! Mimi Mnyamwezi. Mihayo jina langu. Sasa wewe askari, nani kakupa ruhusa ya kumfunga mtumwa wangu?"

"Mzee, lala. Huyu ni mhalifu. Kataka kujiua."

"Kujiua? Mali yangu hiyo! Babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga. Basi kaniibia mimi. Andika na shtaka langu!"

Msomaji kijana huenda hujui. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, wao wakiwa wapagazi wa mizigo. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kukasirika. Anachukua kuku wako. Na ukifa, mtani ndiye anayeingia kaburini kabla yako, analala humo, anakataa kutoka mpaka ndugu zako wamlipe, anaigiza ulivyokuwa unatembea, na waliokuwa wanalia wanacheka. Ndugu hawezi kulitamka neno la kifo chako, litakuwa uchuro. Mtani analitamka huku anakula.

Nikasikia mdomo wangu unafunguka. "Nyamaza, mpagazi. Umezoea kubeba kwa kichwa, nani alikwambia ufanye kazi kwa mikono?"

Wodi ikaangua kicheko. Mihayo alicheka mpaka bandeji ikatoka damu, na Melania akaja mbio kututukana wote wawili. Lile lilikuwa neno langu la kwanza.

Mlangoni alikuwa amesimama daktari kijana ambaye wagonjwa walimwita Daktari wa Makaratasi. Alikuwa ametoka kusoma, na kila aendako ana mafaili kwapani. Kazi yake aliyojipa ilikuwa ya ajabu. Alichukua majina ya watu waliojiua katika wilaya zile mbili, Handeni na Korogwe, akaenda nyumba kwa nyumba kuwauliza ndugu zao. Alifukuzwa. Kwenye nyumba moja alirushiwa panga likachana faili. Mwingine alimmwagia maji ya moto miguuni. Akaendelea. Kisha akarudi kwenye madaftari ya hospitali, akatafuta yale majina.

Akaja kukaa kitandani kwangu, akamwambia Melania mbele yangu, "Sista, wengi wao walipita dirishani petu. Wiki chache kabla. Kichwa, tumbo, mgongo. Tukawapa vidonge wakaenda kufa."

Mimi nikageuka polepole kumtazama.

"Sasa ulitaka tufanyeje, daktari?" Melania akauliza.

"Tuwaulize."

"Tuwaulize nini?"

"Kama wanawaza kufa."

Melania akashika kiuno. "Utawafundisha! Mtu amekuja na tumbo, wewe unamtia neno la kifo kichwani?"

"Utafiti hauoneshi hivyo. Nimewauliza wengi. Hakuna niliyemfundisha, wengine walishukuru." Akanigeukia. "Ndugu Mhina, unawaza kufa?"

Nikatazama stuli. Askari alikuwa ameacha kutafuna.

"Hapana," nikasema.

Akaandika. Ulikuwa uongo, na ulikuwa wa kwanza. Nani atasema ndiyo akiwa na pingu? Ndiyo moja ilikuwa kesi ya pili.

Daktari yule alihangaika na kituo cha polisi mpaka wakanifungua, na kesi ikalala. Nikatoka mwanzo wa vuli na vidonge vya kumeza jioni, vilivyonikausha mdomo na kunivimbisha uso, watu wakasema nimenenepa. Mihayo alibaki kitandani. "Nenda, mtumwa," akaniambia. "Ukifa bila kuniarifu nitakufukua."

Daktari alikuwa amesoma mahali kwamba mtu wa namna yangu akikumbukwa baada ya kutoka hospitali, hata kwa maneno machache, anapona. Akaanza kutuandikia barua sisi tuliotoka, kwa mkono wake, kila mmoja ya kwake. Karatasi alitumia ya hospitali, yenye nembo ya serikali juu na muhuri chini. Barua zote za kijijini zilipitia kwa mwenyekiti.

Hebu fikiri. Watu ambao mwaka jana wamechomewa nyumba. Mwenyekiti anafungua karatasi yenye nembo, anaisoma mbele ya mkutano, kidole kinafuata mstari: "Ndugu Mhina, tunakukumbuka. Tungependa kukuona hapa Korogwe tarehe..." Akasimama. Akaikunja. Akasema, "Ndugu zangu, serikali ikikukumbuka kwa jina, kuna jambo."

"Kafanya nini?" mmoja akauliza.

"Haijasema. Ndiyo ujue ni kubwa."

Mimi nilikuwa nyuma ya mkutano. Nikatoka mbio. Nilidhani ni ile kesi imeamka. Nikaingia kwenye mahindi, mgambo wakaingia nyuma yangu, na mwenye mbio kuliko wote alikuwa Sefu. Alinipata kwenye kijito. Tulipigana majini mle mpaka maji yakawa tope, nikamwuma sikio, akanigonga kichwa kwenye jiwe. Wakanifunga kamba ya mkonge mikono na miguu, mafundo niliyokuwa nafunga mwenyewe nikiwa Ngombezi, wakanitupa juu ya lori la magunia.

Nikafikishwa hospitali mchana. Foleni yote ilisimama kutazama. Sefu akanishusha kama gunia mbele ya mlango wa daktari, akapiga saluti na sikio lake linavuja damu. "Daktari, mtu wako tumemleta. Alikimbia, tukamkamata. Tia sahihi hapa."

Daktari alinitazama mimi, akaitazama barua yake mkononi mwa Sefu. Akakaa chini kwenye saruji.

"Mfungueni," akasema. "Mfungueni. Nilikuwa namsalimia tu."

"Salamu gani ina muhuri?" Sefu akauliza, na kwa kweli alikuwa haelewi.

Zikaja na habari nyingine. Kijana mmoja alipopata barua yake alikimbilia Hale, akajificha wiki mbili kwenye nyumba ya mjomba wake mfanyakazi wa umeme. Mama mmoja wa Korogwe, mumewe asiyejua kusoma alidhani ni barua ya mwanamume, akampiga mpaka akapoteza mimba. Daktari aliposikia hiyo hakuja kazini siku mbili. Aliporudi alikuwa amezikusanya barua zilizobaki, akazitia motoni jikoni kwa wapishi.

Alinishona kichwa mwenyewe. Akaniuliza tena swali lake kwa sauti ndogo, nami kichwa kinavuja, nikajibu, "Hapana." Akaandika. Kisha akanisogelea. "Ndugu Mhina, mimi nimesoma lakini huku sikuzaliwa. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungemtuma nani?"

Nikasema, "Mtu ambaye akija hakuna atakayekimbia."

"Nani?"

Nikamwonyesha Mihayo, ambaye alikuwa uani anafagia kwa mkono wa kushoto na kumtukana mgonjwa mmoja Mpare kwa uchoyo.

Mganga mkuu alikataa. Alisema hospitali haiajiri mchekeshaji. Basi Mihayo akaandikwa mfagiaji, kazi za shamba alikuwa haziwezi tena, na daktari akawa anamtuma huku na huko. Kwa Wazigua alikwenda yeye. Kwa wengine alitafutwa mtu wa namna yake, kila mmoja kwa watani zake. Daktari akaandika makaratasi mapya.

Nakumbuka ujio wake wa kwanza. Amepanda basi, kisha baiskeli ya kuazima, amefika kwangu amejaa vumbi, hakupiga hodi. Akaingia ndani akalala chali sakafuni, mikono kifuani.

Zaina akaruka. "Baba Mwantumu! Kuna mtu amekufa humu!"

"Shikamoo shemeji," akasema pale pale alipolala. "Napima kaburi la mumeo. Huyu mrefu sana, atanichosha. Mwambie asife mwaka huu, mkono wangu mbovu, siwezi kuchimba."

Zaina alikuwa hajacheka tangu moto. Alicheka mpaka akakaa chini. Akamchinjia kuku, na huyo kuku Mihayo angemchukua hata asingechinjiwa. Tulipomaliza kula akanitoa nje ya nyumba, tukakaa kwenye kinu kilicholala.

"Sasa mla mlenda, nijibu. Unawaza kufa?"

"Hapana, mpagazi."

"Haya. Nitaubeba mzigo huo mpaka kwa daktari." Hakujua kuandika. Alibeba majibu kichwani.

Alikuja vuli, akaja kaskazi, akaja masika barabara ikiwa tope mpaka magoti. Kila mara tulitukanana, kila mara aliuliza, kila mara nilisema hapana. Utasema mbona nilikuwa napona? Siku alipokuja nilikuwa napona. Nilikula. Siku mbili tatu baadaye bado nacheka peke yangu nikikumbuka tusi lake. Kisha linarudi lile zito linakaa kifuani. Lakini ungemwambiaje mtu aliyekuja kwa baiskeli kwenye tope, mkono hauna vidole, kwamba safari yake haijatosha? Nilimpenda. Nikamdanganya kwa sababu hiyo. Na nilipokwenda kuchukua vidonge daktari akanionyesha karatasi iliyo na jina langu na hapana zimepangana chini kama shanga. Alikuwa anajiandaa kuipeleka Dar es Salaam ikasomwe mbele ya wakubwa, ili hospitali zote zifanye hivyo. "Wewe ndiye mfano wangu," akasema. Melania aliyekuwa anapita akanipa mkono. Nikatoka nje nikatapika kwenye maua.

Kiangazi kilichofuata nikamvunja Zaina mkono. Aliniuliza kwa nini nimeacha vidonge. Nikaushika ule mkono ulionyooshwa kunipa kikombe, nikauzungusha, nikausikia. Sikumwomba hata msamaha siku hiyo. Akamfunga mtoto mgongoni kwa mkono mmoja, akaenda kwao. Mimi nikaufunga mlango, nikawa ninajua nitakachofanya. Hasira ilikwisha kabisa. Ndugu yangu msomaji, ukimwona mtu wako amekuwa na hasira mwaka mzima halafu asubuhi moja ametulia sana, usiende shamba. Kaa naye.

Ndipo Mihayo akausukuma mlango akaingia. Haikuwa siku yake. Alipitia tu, alikuwa ametumwa kwa mtu mwingine kijiji cha mbele.

"Mtumwa, mkeo yuko wapi? Njaa inaniuma."

"Ondoka," nikamwambia.

"Niondoke niende wapi, kwangu ni hapa."

"Mihayo, ondoka."

Akanitazama. Akatazama chumba. Akavua kofia. "Unawaza kufa?"

Nikampiga. Sikujibu, nikampiga mdomoni, jino likaruka. Mtani hapigwi, ni mwiko, na nilimpiga tena. Alikuwa mfupi lakini alibeba magunia maisha yake yote. Akanikamata kiunoni tukaangusha mtungi, tukaangusha mlango, tukatokea nje tumeshikana. Nilimng'ata bega. Nilimkanyaga ule mkono mbovu na akapiga yowe ambalo bado nalisikia. Hakunirudishia hata pigo moja. Alinilaza chini kifudifudi, akanikalia mgongoni.

"Sitoki," akasema, anahema, damu yake inanidondokea shingoni. "Kaburini hatutoki mpaka tulipwe. Nilipe jibu."

Nilimtukana matusi ambayo si ya utani. Nilimtukana mama yake. Akakaa. Majirani wakaja, wakasimama mbali. Jua likapanda mpaka utosini, naye amekaa.

Kisha nikasikia watu wakipisha. Sefu. Ametoka kumwona dada yake, ameshika rungu, na nduguze wawili nyuma.

"Mpishe huyo, mzee. Leo namvunja mikono yote miwili."

"Pita kwangu kwanza," Mihayo akasema.

"Wewe si wa ukoo huu!"

"Ndiyo maana. Maiti ya Mzigua ni ya nani? Si yetu watani? Hii ni maiti yangu, na bado inapumua. Ukiipiga utanilipa."

"Amemvunja dada yangu mkono!"

"Najua, na atajibu kwa hilo, mbele ya wazee. Lakini akiwa hai. Mfu anajibu nini?"

Rungu lilikuwa juu. Nilikiona kivuli chake ardhini karibu na uso wangu. Nikawaza, mwache apige, ndiyo njia rahisi, atanifanyia yeye. Mihayo naye akainama, na kwa mara ya kwanza sikusikia mzaha katika sauti yake. "Mhina. Mimi sina tusi lingine. Nimeishiwa. Unawaza kufa?"

"Ndiyo," nikasema.

Nikalirudia neno.

"Ndiyo. Leo. Na jana. Na siku zote ulizokuja. Zile zote nilikudanganya."

Nikaanza kulia, mdomo umejaa mchanga. Nilimsikia Mihayo analia juu yangu, mwili wake unatikisika mgongoni mwangu. Sefu alikaa chini. Rungu aliliweka pembeni. Baada ya muda akasema, kama anajisemea, "Tulimchapa ile siku. Nikadhani imetoka."

Ni yeye aliyekwenda kusimamisha lori barabarani. Alipanda nasi nyuma, akakaa upande wangu wa kushoto na Mihayo kulia, mabega yao yamenibana hata tulipovuka daraja la Mto Pangani.

Foleni ilikuwa ndefu. Tulikuwa tumejaa damu sote watatu, watu wakatupisha. Dirishani alikuwa Melania. Akamwona Mihayo hana jino, akamwona Sefu na sikio lake lililolika. Akachukua kalamu.

"Mgonjwa ni yupi?"

"Mimi," nikasema. "Nimekuja mwenyewe. Nawaza kufa."

Akaandika. Akazunguka, akafungua mlango wa pembeni, akanishika kiwiko.

Daktari alikuja wodini na faili lake. Nikamwambia azifute hapana zote, kwamba nimemharibia kazi yake ya Dar es Salaam. Aliiweka ile karatasi magotini. Sikujua kama atalia au atanipiga, kwa siku ile lolote liliwezekana. Akachora mstari juu ya kila hapana, moja moja, bila haraka. Kisha chini kabisa akaandika ndiyo, na akaipigia mstari mara mbili.

"Nitaipeleka hivi," akasema. "Hii ndiyo wanayopaswa kuisikia. Nilikuwa nahesabu majibu. Sikuuliza kama mtu anaweza kunijibu."

Nililala pale miezi mitatu. Walibadilisha vidonge, hivi vikanipa usingizi, na mkono ukaacha kutetemeka karibu na vuli. Kila siku aliniuliza mmoja wao, na siku nyingi za mwanzo nilijibu ndiyo, na hakuna aliyeniwekea pingu wala kunipiga. Waliandika tu, wakakaa nami kidogo, wakarudi kesho. Siku niliyosema hapana ya kweli, Melania aliniuliza mara ya pili kuhakikisha, kisha akaenda dirishani, kulikuwa na mzee ameshika tumbo, na nikamsikia akimwuliza yule mzee swali lile lile.

Zaina alichukua miaka miwili kurudi. Wazee walinihukumu, nikatoa nilichotoa, na mkono wake haukunyooka tena. Hilo sijasamehewa na sijaomba lisahaulike.

Wewe uliyeko benchini, wakikuita na wakikuuliza, usiwape kichwa wala mgongo. Na kama hawakuulizi, waambie wewe. Neno lenyewe ni fupi. Mimi nilikuwa na shamba, mke, mtoto, shemeji na mtani, na lilinichukua mwaka mzima na mtu wa kunikalia mgongoni. Litoke tu. Baada ya hapo kuna kazi, lakini hutaifanya peke yako.